Hesabu Unachokiona

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Daktari amesema moyo wangu umechoka. Nikamuuliza umechoka kiasi gani. Akajibu nisiweke ahadi za mbali. Basi naandika ukweli wote, nife mwepesi.

Ukweli ni huu: Kipimo cha Umaskini cha taifa nilikitunga mimi. Mpimaji anaingia nyumbani, anatazama sakafu, viti, redio, saa ya ukutani, anajumlisha alama. Ukivuka mstari wewe si maskini, hata ulie. Sentensi ninayojivunia kuliko zote imo kwenye mwongozo wa wapimaji: hesabu unachokiona, usihesabu unachoambiwa. Wizara nzima ilinipigia makofi.

Sasa nahitaji muuguzi wa wazee, yule wa serikali anayekuja nyumbani bure. Pensheni inaishia duka la dawa. Mkwe wangu, mjane wa mwanangu, ndiye ananiinua na kuniogesha, na mgongo wake umeanza kuugua kuliko moyo wangu. Lakini muuguzi ni wa maskini tu. Leo nimejipima. Si maskini! Nimejipima tena, kwa huruma. Bado. Vinavyoniponza ni viti vya sebuleni, redio, na saa niliyozawadiwa na wizara nilipostaafu. Saa yenyewe ilikufa zamani. Ila Kipimo hakiulizi kama saa inatembea. Kijana mmoja ofisini aliwahi kushauri kiulize. Nilimwambia akae chini.

Jumanne, tarehe 4

Mpimaji anakuja keshokutwa. Nimepata mbinu! Kichwa bado kinafanya kazi.

Jirani yangu, ukuta kwa ukuta, ni Fundi, mshonaji mstaafu. Ana kitanda, cherehani mbovu na kidonda cha sukari mguuni. Muuguzi anamjia kila wiki kukifunga. Ameshapimwa, ameshapita. Basi vitu vyangu vikalale kwake! Hunifunga drafti kila jioni na kuniita Mkurugenzi kwa sauti inayoniudhi, kwa hiyo sikumwambia ukweli. Nilisema napulizia dawa ya kunguni. Akauliza kunguni wangu ni wa cheo gani, wasije wakakidharau kitanda chake. Sikucheka. Nilicheka nilipofika nyumbani.

Mkwe amebeba vyote peke yake. Akaniambia, Baba, si bora tuviuze tu? Nikamjibu kwamba haijui sera. Akasema sera haijui, ila uzito wa viti anaujua.

Jumatano, tarehe 5

Sebule tupu. Nikikohoa, ukuta unanijibu. Nimekaa mkekani kufanya mazoezi ya kuwa maskini. Kuinuka nimeshindwa. Nimemwonyesha mkwe uso wa dhiki nitakaomwonyesha mpimaji. Amesema naonekana kama nimevimbiwa.

Alhamisi, tarehe 6

Msiba! Na ushindi.

Mpimaji ni binti mpole mwenye kishikwambi. Nikasikia hodi. Lakini hodi ilikuwa kwa Fundi! Kumbe waliokwisha kupita hurudiwa ghafla, bila taarifa. Kifungu hicho nilikiandika mwenyewe. Nilikuwa nimekisahau.

Nikabandika sikio ukutani. Fundi akaapa kwamba vitu ni vya jirani. Binti akamjibu kwa upole kwamba, Babu, kila nyumba wanasema ni vya jirani. Kisha akamsomea sentensi yangu. Yote, neno kwa neno, bila kukosea! Nilitokwa na machozi. Sijui ya nini hasa.

Alipofika kwangu aliniamkia vizuri. Akaona ukutani duara jeupe mahali ilipokuwa saa. Akauliza. Nikasema ni unyevu. Akatafakari, akasema duara si saa, akaendelea. Mafunzo mazuri sana wanapewa.

Fundi angeweza kugonga ukuta na kunitaja. Hakugonga.

Jumamosi, tarehe 8

Ujumbe wa simu. Mimi: maskini! Nimepita. Fundi: amefutwa. Mkwe hakunipongeza. Ameniwekea uji na kufunga mlango kwa kishindo.

Jumatatu, tarehe 10

Muuguzi amekuja. Mikono laini, mcheshi. Alikuwa amemaliza kunipima presha Fundi alipoingia akichechemea, kitambaa cha mguuni kimelowa. Akasema, Mkurugenzi, umenitajirisha kwa viti ambavyo hata sikuvikalia, maana niliogopa kunguni wako. Muuguzi akataka kumfunga kidonda. Kisha akakumbuka kwamba haruhusiwi kumgusa asiye maskini. Wote wakanitazama mimi, kama vile utaratibu ni wangu. Ni wangu.

Mkwe akafunga kile kidonda yeye, kwa shuka langu zuri. Alipomaliza akaniambia niwaambie ukweli leo, kabla mguu haujaoza. Nimemwambia nitalifikiria. Usiku sikulala. Mzee yule angeweza kugonga ukuta.

Jumanne, tarehe 11

Nimeamka na uamuzi. Nitamwokoa Fundi!

Nimemwandikia rufaa, ukurasa mmoja wa hoja kavu. Nimepiga simu wizarani, bado wapo wanaoikumbuka sauti yangu. Mpimaji atarudi Alhamisi, nyumba zote mbili. Mkwe akashusha pumzi, akasema afadhali, sasa vitu vitarudi nilikovitoa. Maskini, hajafikiri. Vikirudi kwangu, muuguzi ananipotea. Vikibaki kwa Fundi, mguu unampotea. Tatizo si Kipimo. Tatizo ni mahali pa kuweka viti.

Lakini pale kona kuna bibi muuza mkaa, analea wajukuu yatima kwa ruzuku ya serikali, ile ya maskini. Nimejikongoja mpaka kwake na fimbo, nimemweleza habari ya kunguni. Moyo wa dhahabu yule mama! Amekubali palepale. Na nafasi anayo tele. Chumba kizima hakina kitu.