Mkurugenzi Asiyeonekana Kisheria

Taifa zima lilitangaziwa kwamba kuanzia Jumatatu hakuna tena kuonana kiholela. Askari wa soko akimfukuza mchuuzi, na mchuuzi akajibanza nyuma ya gunia, macho matupu si ushahidi. Kila mmoja arushe dadu ya pande ishirini, huyu ya kujificha, yule ya kutafuta. Mwenye namba kubwa ndiye mkweli. Mchuuzi akishinda, hayupo, hata kama kisigino kiko nje na anapiga chafya.

Baba wa kanuni hiyo alikuwa Mkurugenzi wa Kujificha na Kutafuta, mtu wa tumbo na tai fupi, aliyekipenda kiti chake cha kuzunguka kuliko alivyompenda shemeji yake aliyemtafutia cheo hicho.

Siku moja Mama Sabuni, aliyefungiwa meza yake sokoni, alikuja na wenzake kudai saini ya kuifungua. Mkurugenzi alisikia vishindo ngazini, akazama nyuma ya pazia. Tumbo likabaki upande wa ofisi.

"Mzee, tunakuona," alisema Mama Sabuni.

"Rusha dadu, mama! Sheria ni msumeno!" pazia likajibu.

Naibu wake, mwanamke aliyekalia stuli tangu aajiriwe, akaleta dadu. Mama Sabuni akapata mbili. Mkono ukatokeza chini ya pazia, ukarusha: ishirini! Kanuni ikamwongezea kumi za heshima ya cheo, zikawa thelathini. Pazia likacheza kwa furaha.

"Ameshinda," alitangaza Naibu. "Kwa hiyo hayupo."

"Hayupo kabisa?"

"Mpaka apatikane mtu wa kuzidi thelathini. Na dadu yenu nyinyi wananchi inaishia ishirini."

"Kwa hiyo kiti kiko wazi?"

Naibu akapekua kanuni, akasafisha koo, akakaa. Kiti kikazunguka naye. Kabla hakijasimama, alikuwa ameshamtilia Mama Sabuni saini.

Mkurugenzi akachomoka. "Nyie! Mimi hapa! Hicho kiti changu!"

"Ofisi hii ina upepo," alisema Naibu. "Hebu fungeni dirisha."

Akina mama walicheka mpaka wakashikana mabega. Mkurugenzi akapiga magoti, jasho likimtiririka, akashika upindo wa gauni la Mama Sabuni.

"Dada yangu, nakusihi, nitafute! Rusha hata mara mia! Hizo kumi nazifuta!"

"Nani anazifuta?" aliuliza Naibu, akitazama ukutani.

Mama Sabuni akakunja karatasi yake, akaitia kifuani.

"Jamani, kuna anayemtafuta mtu humu?"

Wakatazamana. Hakuna.

"Basi twendeni sokoni."