Daftari la Almanusura

Jumatatu, 14 Julai

Siku ya ishirini na tatu ya ndoa! Asubuhi Deodatha amenimegea kiazi kwa vidole vyake mwenyewe. Nimekitazama muda mrefu kabla ya kukila. Kikapoa. Kitamu vilevile.

Kiwandani, habari mbaya. Meneja wetu, Mzee Rwegasira, ametangaza kwamba Ijumaa anakuja mkaguzi kutoka makao makuu, Bi Evangelina. Deodatha ndiye msimamizi wa usalama hapa tunapokoboa kahawa, lakini kwa majaribio ya miezi mitatu, na Ijumaa ndiyo mwisho. Akifaulu, anathibitishwa. Akishindwa, nafasi inakwenda kwa Winston wa mizani, na mke wangu anahamishiwa Kyerwa kupokea kahawa. Kyerwa! Mimi nibaki Kihanga na stoo yangu na mto wenye harufu ya nywele zake!

Nimemwambia asihofu, nitamsaidia. Ameniomba kwa upole sana nisimsaidie. Aibu ya bibi harusi. Nimeipenda.

Jumanne, 15 Julai

Nimeanza kumsaidia.

Deodatha husema kila siku kwamba vumbi la kahawa linakula mapafu, na barakoa zimekwisha tangu wiki iliyopita. Nikakumbuka satini ya zambarau iliyobaki kwenye magauni ya wasindikizaji wa harusi yetu. Bodaboda hadi Kayanga, fundi, barakoa arobaini, na saa sita mchana kila mfanyakazi amevaa. Uzuri ulioje! Kiwanda kizima kimefanana na msafara wetu wa kanisani. Machozi yamenilenga.

Satini haipitishi hewa. Nimelijua hilo Nestory, mwendesha mashine, aliposhika nguzo na kukaa chini taratibu kama mtu anayesali. Alipopata pumzi alinisihi, "Waitu, Bwana Jasson, harusi yako niliila nikashiba. Usinizike nayo."

Deodatha amekusanya barakoa zote saa ileile. Nestory amekwenda kuandika kwenye Daftari la Almanusura. Hilo ni wazo la mke wangu: anayeponea chupuchupu anaandika nini kimetokea, wapi, na kwa nini. Hakuna anayefokewa. Mwezi wa kwanza hakuna aliyethubutu kuandika. Siku hizi wanagombania kalamu.

Jumatano, 16 Julai

Winston anatembea kama mtu aliyekwisha kuthibitishwa. Dawa yake nimeipata: njia salama ya kupita, iliyochorwa sakafuni kwa rangi ya manjano, kutoka mlangoni hadi kwenye mizani. Deodatha aliitaja siku moja tukiwa tunamenya ndizi. Kila neno lake naliweka moyoni.

Nimepaka alfajiri, peke yangu, kwa rangi ya mafuta. Kila hatua tano nimechora kopa dogo. Rangi ya mafuta hukauka polepole kuliko nilivyodhani. Winston ameingia wa kwanza, akateleza njia nzima, kopa baada ya kopa, akaishia ameketi juu ya mizani yake. Kilo themanini na moja.

Deodatha amefunga njia kwa kamba na kumwaga mchanga. Winston ameandika kurasa mbili, kisha amekuja stoo kunishika mkono. Ameniambia niendelee hivihivi, na kwamba Kyerwa kuna hewa nzuri, shemeji ataipenda.

Jioni nimelifungua daftari kwa mara ya kwanza. Matukio thelathini na moja! Sikuweza kuyasoma, nimelifunga papo hapo. Mkaguzi akiona mabaya thelathini na moja, mke wangu amekwenda.

Alhamisi, 17 Julai

Mpango mkubwa kuliko yote. Nimenunua daftari jipya lenye jalada kama la lile la zamani, nikaandika juu yake kwa mwandiko wangu bora. Ndani hakuna hata nukta. Safi kama kitambaa cha altare.

La zamani nimelisukumiza kwa mti mrefu ndani ya lundo la maganda ya kahawa nyuma ya kiwanda. Lundo limepita paa la stoo. Hata panya hatalipata.

Deodatha ameniuliza mbona natabasamu. Nimesema ni mapenzi. Sikudanganya.

Ijumaa, 18 Julai

Andika kwa utulivu, Jasson.

Bi Evangelina amefika saa tatu. Mwanamke mfupi, miwani, viatu vigumu. Amekagua mkanda wa mashine, akautikisa uzio wake, akaridhika. Amekagua mitungi ya kuzimia moto, akaridhika. Kisha akaomba daftari. Akafungua. Akageuza kurasa zote tupu, moja moja.

Akasema watu arobaini, miezi mitatu, hakuna hata aliyejikwaa. Ama hapa wanafanya kazi malaika, ama watu wanaogopa kusema. Winston akakohoa kwa furaha. Mke wangu akalitazama lile daftari, kisha akanitazama mimi. Bi Evangelina akasema bila kumbukumbu za kweli hawezi kumthibitisha mtu.

Nilikimbia. Nikapanda lundo kwa mikono na magoti, nikafukua pale nilipolisukumiza. Daftari nikaliona, nikalishika, na lundo likafunguka chini yangu. Nikazama hadi kwapani. Maganda yale yana joto, na kila ukitoa pumzi yanakukaza zaidi.

Nikaita jina la mke wangu. Mfagizi akanisikia, akapuliza filimbi, na mashine ikazimwa papo hapo, hakuna aliyesubiri ruhusa ya meneja. Nestory akaja na mbao pana mbili, akazilaza. Winston, ndiyo, Winston, akatupa kamba. Hakuna aliyepanda ovyo. Hakuna aliyepiga kelele. Deodatha amewafundisha hivyo!

Yeye mwenyewe akalala kifudifudi juu ya ubao, uso wake karibu na wangu, maganda kwenye nyusi. Mzuri kuliko siku ya harusi.

"Mume wangu," akasema, "usijitingishe. Usinisaidie. Leo tu, nakuomba, usinisaidie."

Sikusaidia. Nikatoka.

Bi Evangelina alichukua daftari mkononi mwangu, akaketi juu ya gunia, akasoma mpaka mwisho. Tukio la kumi na tisa, la Nestory: wachoma matofali huchota maganda kwa chini, lundo lina pango ndani, mtu asipande. Laiti ningelisoma. Akasema hajawahi kuona kiwanda ambacho watu wanaandika ukweli namna hii, na kila tukio lina hatua iliyochukuliwa. Akauliza pia huyu Jasson ni nani, maana yumo katika matukio kumi na manne.

Deodatha amethibitishwa! Mzee Rwegasira amepiga makofi. Nimelia nikiwa nimejaa maganda puani.

Jumamosi, 19 Julai

Ripoti imebandikwa mlangoni. Hatari za kiwanda: kwanza, mkanda wa mashine. Pili, lundo la maganda. Tatu, mtunza stoo. Maelekezo: hatari ya tatu haiwezi kuondolewa, kwa hiyo iwekwe mahali ambapo msimamizi wa usalama anaiona muda wote.

Muda wote! Meza yangu imehamishiwa kando ya meza yake. Nikinyoosha mkono nagusa kiwiko chake. Asubuhi ameniambia amenisamehe, ila nimwahidi kutogusa tena lile daftari. Nimeahidi kwa moyo wote.

Lakini nimewaza. Nikikaa salama wiki nzima, si watanirudisha stoo? Na Bi Evangelina si alisifu daftari lililojaa? Deodatha amekwenda sokoni. Daftari liko mezani. Nimekwisha kuandika matukio yote ya wiki ijayo, saba, pamoja na saa. Jumatatu saa nne kamili naponea chupuchupu kwenye ngazi. Imebaki kutafuta ngazi.