Baraza ya Lyle

Lyle Dubicki alipopita na gari lake la mizigo kwenye mtaa wetu wa Larchwood, hapa Toledo, milango yote ya gereji ilikuwa wazi. Akapunguza mwendo. Akasimama kabisa. Macho yakamtoka kama fisi aliyekuta bucha haina mlango.

Maana sisi wanaume wa Larchwood magari tunayalaza nje kwenye theluji. Ndani ya gereji wanalala vifaa. Drili za betri, misumeno ya umeme, randa, grinda, bisibisi za kila kimo, vyote vimetundikwa ukutani, na kila kimoja kimechorewa umbo lake kwa rangi nyeupe. Kikitoka tu, pengo linakukodolea macho mpaka kirudi. Tunavipenda sana. Kuvitumia ni habari nyingine. Mimi nina msumeno wa umeme wa bei mbaya, na kazi pekee uliyowahi kufanya ni kukata keki ya Krismasi iliyoganda. Keki ilishinda.

Lyle alikuwa mtu wa mdomo. Mdomo ule ulishawauzia watu saa za ukutani zisizo na mashine ndani, wakamshukuru. Akaona nyumba ya Bi Arlene Kubiak ina bango la kupangisha ghorofa ya chini, akagonga.

"Mama, majirani wa hapa ni watu wa kusaidiana?"

"Kwa maneno au kwa vifaa?"

"Vifaa, mama. Mimi ni mtu wa kazi za mikono."

Bi Arlene akaitazama hiyo mikono. Laini kama mkate wa maziwa. Akampa funguo hapo hapo, hata choo hakumwonyesha.

Mpango wa Lyle ulikuwa mwepesi: azima, azima, azima, halafu Jumamosi alfajiri ale kona mpaka Detroit, ambako kuna jamaa ananunua vifaa bila kuuliza maswali. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Lyle hakutaka kusitiri kitu, alitaka kuuza.

Akaanza na mzee Verne Hostetler, mstaafu anayekaa nyumba ya upande wa kulia.

"Mzee, samahani, ile drili yako..."

"Unajenga nini?"

Ndiyo desturi yetu. Larchwood huulizi "utarudisha lini", hayo ni matusi. Unauliza "unajenga nini". Lyle hakuwa amejiandaa. Akageuka, akaona uwanja mtupu nyuma ya nyumba.

"Baraza," akasema. "Ya mbao. Pale nyuma."

"Ahaa! Sasa baraza utajengaje bila pimamaji? Utajenga bembea. Chukua pimamaji. Chukua na futi ya kupimia. Chukua na hii nyundo, ilikuwa ya marehemu baba."

Habari zikafika nyumba ya kushoto, kwa Gus Pappalardo. Gus ni polisi, ila siku za mapumziko ni polisi wa majani, anayalinda yasizidi kimo.

"Verne kakupa drili ile? Ile ni ya kutobolea jibini, kaka! Njoo uchukue ya wanaume." Akamtwisha drili, grinda, na bunduki ya misumari juu yake.

Basi ikawa mashindano. Kila mtu anataka kifaa chake ndicho kijenge baraza. Lyle hakuhitaji hata kugonga milango, alikuwa anafungua wake anakuta watu wamepanga foleni. Mimi nilimpelekea msumeno wangu. Niliufuta vumbi kwanza, kisha nikaupaka grisi kidogo, uonekane mzoefu.

Ila jambo moja Lyle hakulijua. Kwetu kifaa hakiendi ugenini peke yake. Kikiazimwa, mwenyewe anakifuata. Na siku ya kukifuata ni Jumamosi.

Jumamosi hiyo alfajiri Lyle akatoka kwa kunyata, funguo za gari mkononi. Akatukuta wote kwenye majani. Tuna viti vya kukunja, kahawa, donati, na Gus ana soseji za kutosha harusi. Nyuma ya gari lake limeegeshwa lori la mbao. Hatoki mtu.

"Unakwenda wapi, mwanangu?" Verne akauliza.

"Na... nageuza gari tu, mzee."

"Na vifaa viko wapi?" Gus akauliza, kwa ile sauti yake ya kazini.

Lyle akalitupia gari jicho. Gus akaenda mwenyewe akavuta mlango wa nyuma wa gari. Vifaa vyetu vyote vilikuwemo humo, vimepangwa, vimefungwa kwenye mablanketi. Lyle akafumba macho. Akaanza kutafuta kichwani jina la wakili.

"Jamani!" Gus akapiga ukelele. "Njooni muone!"

Tukaenda.

"Kavifunika mablanketi! Mimi hata wanangu sijawahi kuwafunika hivi!"

Verne machozi yakamlengalenga. "Mtu wa kazi huyu," akasema. "Wamebaki wachache."

Hapo dereva wa lori akashuka. "Nani Lyle? Mbao zako hizi. Nilipe niende."

"Mimi sijaagiza mb—"

"Nilikuagizia mimi," Bi Arlene akasema kutoka mlangoni, kikombe mkononi. "Nilijua umesahau. Mtu ana vifaa vya mtaa mzima halafu mbao hana? Watu wangekufikiria vibaya."

Gus akageuka polepole. "Eti. Kwani mbao ulikuwa huna?"

Lyle akatoa pochi. Ikarudi mfukoni nyembamba kama jani.

Tukajenga. Yaani Lyle akajenga, kwa sababu baraza ni yake, mashimo lazima achimbe mwenyewe. Sisi tulibishana. Verne anataka misumari, Gus anataka skrubu, wakaacha kusemezana mpaka soseji zilipoiva. Mimi nikawasha msumeno wangu kwa mara ya kwanza, nikakata waya wake wenyewe.

Jioni baraza ikasimama, imenyooka kuliko sisi. Kila mtu akabeba chake, wakaenda kuziba mapengo ukutani. Lyle akabaki ana malengelenge, gari tupu na pochi tupu. Bi Arlene alikuwa ameshakaa kwenye baraza, miguu juu, kopo la bia mkononi.

"Kodi inapanda," akamwambia. "Nyumba yenye baraza si ile uliyopanga."

Lyle akamgeukia. "Mama. Ulijua?"

"Ule uzio umeuona? Alijenga Floyd, mpangaji kabla yako. Lile banda la mashine ya kukatia majani alijenga Randy, kabla ya Floyd. Waazimaji wazuri sana wote wawili." Akanywa. "Mtu akiulizia majirani kabla ya kuulizia choo, mimi huwa simwachi aende."

Lyle akaingia garini. Kabla hajafika kona, Verne akatokea barabarani anakimbia na kandambili.

"Lyle! Pengo moja liko wazi!"

Kioo kikashuka. Mkono wenye malengelenge ukatoa futi.

Bango la Bi Arlene limesharudi dirishani. Nasikia paa lake linavuja. Mimi nimeshanunua waya mpya wa msumeno, nakaa mlangoni, nasubiri kuazimwa.