Poda Kabla ya Majibu

Leo nimeadhirika mbele ya chuo kizima, na ushahidi bado uko ndani ya masikio yangu. Nimeoga mara mbili. Nikitikisa kichwa, poda inashuka tena. Kwa hiyo kaeni niwasimulie mwenyewe kabla hamjaona video (ipo, najua ipo, nilimwona Thabo wa darasani kwetu ameinua simu).

Kwa wale ambao hamnijui vizuri: mimi ni Aline wa mtaa wa Joubert Park, mtoto wa Mama Aline wa saluni. Nasoma mwaka wa pili kwenye chuo kimoja kidogo mtaa wa Kensington, hapa hapa mjini, kidogo kiasi kwamba zamani kilikuwa nyumba ya mtu. Maktaba yetu ilikuwa chumba cha kulala. Tunasoma falsafa kidogo, historia kidogo, hesabu kidogo, kuchora kidogo, halafu tunazunguka meza moja na kubishana kwa heshima. Mimi chuo hicho nakipenda mno. Mama hakielewi kabisa.

Na si kosa lake. Mama katoka Bukavu, Kongo, akahamia huku kusini, na kwake mtu anasoma ili aitwe kitu. Daktari. Wakili. Mhasibu. Kila Jumapili tukitoka kanisani ananiuliza swali lile lile, nitaitwa nani, nami kila Jumapili najibu kwamba najifunza kufikiri. Ananitazama kama mtu aliyeuziwa simu isiyo na betri. Siku nilipomwonyesha picha za chuo, wanafunzi wamekaa kwenye majani na vitabu vyao, alisema kukaa kwenye majani hata pale bustanini kwetu watu wanakaa, tena hawakuomba nafasi popote.

Basi mwezi uliopita akatoa hukumu. Kuna dada kanisani anafundisha unesi, walishazungumza, nafasi yangu ipo Januari.

"Nitakuja kuona na macho yangu," akasema. "Nikiona kitu, utabakia. Nikikosa kuona kitu, unaenda unesi."

Mimi na unesi! Mimi ambaye sindano nikiiona kwa mbali natafuta ukuta wa kuegemea. Nilikosa usingizi.

Leo ndiyo ilikuwa siku ya kuwasilisha kazi zetu za mwaka. Unasimama, unaeleza, mtahini kutoka nje anakuuliza maswali, unakaa. Usipopita hapo, mwaka wa tatu unausikia tu. Lakini chenyewe ni kitu cha kimya kimya, watu wachache, chai na biskuti. Sasa mimi, kwa kutaka Mama auone uzito wake, nikamwambia nina défense. (Nani alinituma? Mdomo wangu mwenyewe.)

Kwetu Kongo, défense ni siku mwanafunzi wa chuo kikuu anapoitetea kazi yake mbele ya majaji, na mwisho wake kila mtu anaujua. Majaji wanasimama. Wakisimama wao, ukumbi mzima unasimama. Wanatangaza kwamba umefaulu, na hapo familia inakuvamia kwa nyimbo, maua na poda. Poda nyeupe, ile ya watoto wachanga. Unamwagiwa kichwani mpaka unafanana na chapati ambayo bado haijaenda jikoni. Ni heshima kubwa. Ukipita barabarani mweupe namna hiyo, hata asiyekujua anakupigia makofi.

Nilimwomba Mama aje na Ya Solange tu (Ya kwetu ni dada mkubwa), binamu yangu, wanasuka pamoja saluni na Kiingereza chake kimenyooka, angemtafsiria. Mama akaitika vizuri, kwa sauti laini. Ningeshtuka hapo hapo. Mama hana kawaida ya kuitika vizuri hivyo.

Asubuhi nimesimama getini, blauzi nyeusi mpya (hiyo rangi ikumbukeni). Kombi ikasimama karibu na robot, zile taa za barabarani. Akashuka Mama. Akashuka Ya Solange. Halafu akashuka Mama Deborah, kiongozi wa kwaya ya kanisa letu la Jeppestown, na nyuma yake kwaya yenyewe. Akina mama wote. Sare ya kitenge cha kijani, vilemba vimesimama, maua ya plastiki mkononi. Mlinzi wa getini akaniuliza kwa upole kama ni harusi au ni msiba.

Nikamvuta Mama pembeni nikamkumbusha kwamba nilisema watu wawili.

"Défense ya batu babili uliona wapi?" akasema, akanipita.

Ya Solange alikuwa amebana mfuko wa plastiki kwapani kana kwamba ndani kuna mtoto. Nikamuuliza amebeba nini. Akasema maji ya kunywa. Eish. Nikaamini.

Chumba chetu cha mitihani zamani kilikuwa cha kulia chakula, kwa hiyo kwaya ilijaa ukutani kote, mpaka dirishani. Dokta Helen, msimamizi wangu, alifurahi mno. Huyu mama ni mpole kupindukia, hata ukikohoa anakwambia vizuri sana. Mtahini kutoka nje yeye alikuwa mzee mrefu, suti nyeusi, hacheki, kalamu mkononi. Aliwatazama akina mama, akanitazama mimi, akaandika kitu.

Nikaanza. Kazi yangu inahusu saluni. Naam, saluni ya Mama. Swali langu lilikuwa kwa nini watu wanaokuja kusuka husema siri zao, tena nzito, kwa mtu ambaye pengine hata jina lake hawalijui. Nilikaa pale miezi, nikifagia nywele na kusikiliza. Mama alidhani nimeanza kuwa na adabu ya nyumbani. Hakujua anasomwa.

Nawaambia, nilikuwa naenda vizuri. Ya Solange ananong'ona akitafsiri, na nikamwona Mama amekaza macho kama anavyoyakaza akipiga mstari kwenye kichwa cha mteja. Nilifika kwenye slaidi ya mwisho. Nikameza mate nikisubiri maswali, kwa sababu maswali ndiyo mtihani wenyewe. Haya yote mengine ni salamu.

Hapo jua likaingia dirishani likaipiga skrini, slaidi ikapotea. Na mtahini, kwa wema wake wote, akasimama ili avute pazia.

Akasimama.

Kwaya nzima ikasimama.

Nilijua. Niliona jambo linakuja kama unavyoona sufuria ya maziwa inapanda na mkono wako uko mbali. Nikafungua mdomo niseme mama zangu, kaeni, bado. Lakini Dokta Helen alikuwa amewahi. Yeye aliona wageni wamesimama ghafla, akadhani wanataka kuondoka, na mtu mwenye adabu hawezi kuacha wageni waondoke bila neno. Akatabasamu akasema ahsanteni, kwa kweli imekuwa vizuri sana.

"Amesema vizuri sana," Ya Solange akatafsiri, kwa sauti.

Basi. Mama Deborah akapiga kigelegele kimoja, kile cha kufungua, na chumba kikalipuka. Wimbo. Makofi. Maua yananipiga usoni. Na ule mfuko wa maji ya kunywa ukafunguliwa, yakatoka makopo ya poda, kila mama na lake. Ya kwanza ilinipata utosini. Ya pili mdomoni, maana bado nilikuwa nasema kaeni. Blauzi nyeusi haikuwa nyeusi tena. Mama Deborah, kwa furaha, akatikisa kopo lake kuelekea pazia, na pazia lilikuwa na mtu. Nilipofuta macho nikamwona mtahini amesimama mweupe mpaka kwenye nyusi, kalamu bado mkononi.

Nikasema moyoni, haiwezi kuwa mbaya zaidi ya hapa. Kengele ya moto ikalia.

Wingu la poda lilikuwa limefika darini, na kile kifaa cha kunusa moshi hakijui tofauti. Chuo kizima kikatoka nje. Madarasa ya juu yakatoka. Mpishi akatoka na mwiko wake. Watu wa maktaba wakatoka wamekumbatia vitabu. Wote tukapangwa kwenye majani, chini ya kibao cha mahali pa kukusanyika, na mlinzi akasema hakuna kurudi ndani mpaka jengo likaguliwe. Na kwaya, kwa kuwa hakuna aliyewaambia wanyamaze, ikaendelea kuimba. Kuna watu wa mwaka wa kwanza walianza kucheza. Haki walicheza vizuri, na hawajui hata neno moja la wimbo.

Mtahini akanijia huku anajipangusa. Akauliza, kwa utulivu unaoumiza, hii ni nini.

"Ni pongezi," nikasema. "Kwetu mtu akifaulu, anamwagiwa poda."

"Sawa," akasema. "Lakini sijakuuliza hata swali moja. Wewe umefaulu nini?"

Pale ndipo nilipotamani ardhi ipasuke. Alisema kwa sauti ya kawaida, ila wimbo ulikuwa umefika mahali pa kuvuta pumzi, kwa hiyo chuo kizima kilisikia. Mtu mmoja nyuma akacheka. Halafu wengi.

Ikabidi nigeuke na kuwaambia akina mama, kwa Kiswahili, kwa sauti yangu hii iliyojaa poda, kwamba bado. Sijafaulu. Mtihani haujaisha, kusema kweli haujaanza. Wimbo ukafa sauti moja moja. Mama Deborah akaficha kopo nyuma yake kama mtoto aliyekamatwa akiiba sukari. Mama yangu akanijia, akashika ncha ya kitenge chake akaanza kunifuta mabega, taratibu, macho chini. Niliona aibu, ndiyo, lakini iliyoniuma zaidi ni kwamba alidhani ameniharibia mtihani.

Nadhani mtahini aliona. Alitazama jengo lililofungwa, akatazama saa, akaketi kwenye majani na suti yake. Akasema kwa kuwa hatuna pa kwenda, tuendelee hapa hapa. Dokta Helen akakaa. Thabo akakaa. Akina mama wakakunja vitenge wakakaa. (Mama yangu, amekaa kwenye majani ya chuo. Nilimwona analigundua hilo.)

Akaniuliza: kwa nini mtu amwambie msusi jambo ambalo hamwambii dada yake?

Nilikuwa na jibu la kukariri, lenye majina ya wanafalsafa. Limepotea. Poda ilikuwa imelifunika. Nikabaki naisikia mikono ya Mama, aliyekuwa amekaa nyuma yangu na bado ananifuta mabega. Nikasema nilichokuwa nacho.

"Kwa sababu msusi yuko nyuma yako. Dada yako unamwona uso, unajua ameanza kukuhukumu. Msusi unaisikia mikono yake tu. Ukisema jambo zito mikono haisimami, inaendelea na msuko. Hapo unajua kwamba hata baada ya kusema, bado utatoka umependeza."

Akauliza lingine, nikajibu. Lingine tena, hapo nikasema sijui, ila ningeanza kutafuta upande fulani. Ya Solange alikuwa anatafsiri yote, na wakati fulani nikasikia ameacha kutafsiri kwa kuwa analia. Maswali yalipoisha mtahini akafunga kalamu, akasema majibu ni Ijumaa kwa barua pepe. Hakutabasamu. Lakini alipoinuka alimuuliza Mama Deborah kama poda inatoka kwenye suti ya sufu.

Tulirudi Joubert Park, mimi mweupe hivyo hivyo. Watu wanapiga honi. Wakongo wa pale kona wananipigia makofi, na mimi nashindwa kuwaambia bado. Mlangoni mwa jengo letu tukakutana na Mama Zawadi, jirani wa chini. Akaniona, akapiga kigelegele, akamuuliza Mama huyu mtoto kafaulu nini, na ataitwa nani sasa.

Nikaangalia viatu vyangu. Hilo ndilo swali, na leo limeulizwa na mtu mwingine.

Mama akanishika bega.

"Mi sijue ataitwaka nani," akasema. "Lakini leo bamemuuliza mbele ya batu, na hakunyamaza."

Halafu akafungua mkoba, akaniwekea mkononi kopo moja la poda, zima, halijafunguliwa. Akasema hilo ni la Ijumaa, na yule dada wa unesi amtafute mtoto mwingine.

Ndiyo hivyo. Ijumaa niombeeni. Na atakayecheka nitamtumia kwaya.