Meza Iliyoelekea Kibla

Jumatatu, 3 Juni
Alhamdulillahi! Jumamosi tunatimiza miaka arobaini ya ndoa, na haki ya kuchagua mkahawa ingali mikononi mwangu. Kwa sharti. Mke wangu asema mwaka jana nilimpeleka kantini ya hospitali kwa sababu tu vijiko vilikuwa safi. Nikikosea tena, kuanzia sasa atachagua kaka yake. Kaka yake! Shemeji huyo huyo aliyempeleka mkewe kula ghorofa ya thelathini na mbili, akatusimulia wiki tatu mfululizo. Sitazeeka nikila anapotaka shemeji.

Jumanne, 4 Juni
Nimepanda ghorofa hiyo hiyo, asubuhi kabla hawajafungua. Nitamshinda uwanjani kwake. Mashallah! Ukumbi wa duara, vioo pande zote, mji mzima chini ya miguu. Nikatoa dira, nikapima kila meza. Ya kumi na moja ndiyo iliyoelekea kibla barabara. Nitaswali magharibi hatua tatu kutoka mezani, nirudi supu ingali moto. Nani mwingine angeliwaza hilo? Mhudumu alitaka kunieleza jambo kuhusu sakafu. Nikamwambia sakafu nimeiona, ni safi.

Alhamisi, 6 Juni
Shemeji amepiga simu kuuliza kama kantini bado ina nafasi. Nikamwalika papo hapo! Aje na mkewe, akae meza ya kumi na nne, ashuhudie. Hotuba iko tayari: kurasa mbili za sifa za mke wangu, kuanzia subira. Nimeisoma mbele ya kioo. Nimelia.

Jumapili, 9 Juni
Sakafu inazunguka!

Polepole mno, wala huhisi. Meza zinakwenda, madirisha yanabaki. Hayo nimeyajua jana, baada ya yote. Magharibi ilipoingia niliweka miwani na hotuba kwenye ukingo wa dirisha, kando ya meza yetu. Mhudumu akaniomba nisizibe njia, akanionyesha kichumba karibu na lifti. Nikaswali. Niliporudi nikaifuata karatasi yangu dirishani, nikaketi hapo ilipo. Nikavaa miwani. Nikainamisha kichwa kwa staha, nikasoma yote bila kuinua macho. Kwamba uso wako ni nuru ya nyumba yangu. Kwamba nikiulizwa leo, ningekuoa tena. Nikaushika mkono mezani. Una vinyweleo! Nikainua macho. Shemeji! Anajifuta machozi kwa kitambaa cha meza, asema laiti ningemtamkia mapema.

Nyuma yangu mke wangu na wifi yake, aliyekuwa amehamia mezani kwetu kupiga soga, wameshikana wasianguke kwa kicheko. Mke wangu akasema miaka arobaini hajasomewa hata mstari, na wa kwanza kusomewa ni kaka yake. Akaamuru nirudie, kwake. Nikarudia. Hakucheka. Supu ilikuwa imepoa, akainywa yote akinitazama. Kisha akamwambia kaka yake kwamba mwaka ujao nitachagua mimi, mzee wake, na mwingine asifungue kinywa.

Haki imebaki kwangu!

Jumatatu, 10 Juni
Wa mwaka ujao nimeshaupata! Mkahawa ndani ya meli, mtoni. Nimepima kwa dira: meza ya sita, kibla barabara. Nahodha alitaka kunieleza jambo kuhusu kamba kufunguliwa saa kumi na mbili jioni. Nikamwambia kamba nimeziona, ni imara.