Askofu Agoma Kuoa

Jumatatu, 12 Februari
Leo Askofu kaanza kazi mpya, nusura nizimie kwa aibu. Farasi huyu, jamani! Bingwa wa Kentucky nzima, wenzake wamekula vumbi lake mpaka wakashiba. Na nani alimlisha peremende tangu mdogo? Mie Neva, mpishi wa shamba hili! Sasa kastaafu mbio, kazi yake kuzalisha. Kaletewa jike wa kitajiri. Kamtazama. Kapiga mwayo. Bosi Haggard kasema asipompanda jike kufikia Jumapili, anauzwa ng'ambo. Askofu wangu! Orville, msimamizi wa madume, anataka kwanza atafutiwe jike wa kawaida, mpole, wa kumfundishia. Mapozi tu. Mie nina akili yangu.

Jumanne, 13 Februari
Maisha yake yote uwanjani Askofu haanzi mbio bila kengele. Basi! Nikajificha nyuma ya banda na kengele yangu ya chakula. Jike kufika tu, nikaipiga. Askofu kachomoka! Ila kuelekea mlangoni. Kazunguka uwanja mzima, Orville kang'ang'ania kamba, tumbo kwenye matope. Wafanyakazi nao wakaja mbio na sahani. Orville akanifokea eti Bi Neva, rudi kwenye masufuria yako, mama! Nikamwambia lakini si umeona, mbio bado anazo?

Alhamisi, 15 Februari
Nimempaka jike mafuta ya peremende. Askofu kamlamba shingo hadi mkia, kisha kasinzia. Orville kaniuliza kesho naleta keki ya harusi? Bosi kanipiga marufuku bandani. Nimelia, machozi yakaingia kwenye mchuzi. Wameusifu.

Jumamosi, 17 Februari
Kesho ndiyo mwisho. Mwanangu aondoke na upweke? Nikamfunga Biskuti, jike wangu mzee wa kukokota kuni, karibu na ua wa Askofu wapige soga. Nikaingia kuepua mikate. Kutoka, Askofu kashauruka ua! Na kazi kashaimaliza, tena kwa heshima zote. Orville kashika kichwa: Biskuti hana cheti cha ukoo, mtoto wake hatakanyaga uwanja wa mbio! Kisha kasema, Bi Neva, jike wa namna hii ndiye ninayemwomba tangu Jumatatu.

Jumapili, 18 Februari
Jike wa kitajiri kaletwa tena. Safari hii Askofu hakupiga mwayo, kampanda! Bosi kawapigia simu wale wa ng'ambo: farasi hauzwi. Vifijo shamba zima. Nimewaambia wote huo ndio ulikuwa mpango wangu tangu mwanzo. Orville kasema ndiyo, mama, hasa pale kwenye matope.

Jumatatu, 19 Februari
Nimeapa mbele ya bosi: kengele basi, mafuta basi, ushauri basi. Lakini mtoto wa Askofu yumo tumboni mwa Biskuti, mie najua. Cheti? Wakimwona anavyokimbia watakiandika wenyewe! Ila azoee kengele mapema. Jioni nimeipiga hapo hapo kwenye tumbo la Biskuti. Wafanyakazi wote mbio na sahani, Orville wa mwisho, anahema. Mnaona? Mjukuu wangu hata hajazaliwa, na kuna mtu kashaachwa nyuma.