Maini Yenye Mwangwi wa Ajabu

Jumatatu, 4 Machi
Nafasi ni moja. Atakayeleta vipimo bora vya maini kufikia Alhamisi ataandamana na Profesa mkutanoni, kwa ndege. Sijawahi kupanda ndege! Kazi yenyewe nyepesi: unatumbukiza maini ya ng'ombe kwenye tangi la maji, unayapigia mawimbi ya sauti yasiyosikika, unapima yanavyotawanyika ndani ya nyama na kurudi. Nyama nzima ina mwangwi wake, nyama gonjwa ina wake. Mpinzani wangu ni dada mmoja tunayemwita Taratibu. Jina linatosha.

Jumanne, 5 Machi
Taratibu kayaweka maini yake kwenye pampu ya kunyonya hewa, kakaa anayatazama kama anauguza mtu. Eti anasubiri mapovu yatoke. Nilicheka mbavu sina. Yangu yalikuwa barafu tupu; nikayatia maji ya moto, nikayakoroga kwa mwiko wa Shangazi, hayo tangini. Mwangwi ulirudi mkubwa mpaka mistari ikatoka nje ya kioo cha mashine. Mungu wangu, nimegundua ugonjwa mpya! Nyumbani Shangazi kauliza mwiko wake uko wapi. Nikabadilisha mazungumzo.

Jumatano, 6 Machi
Nimempigia Mama simu anitafutie sanduku la safari. Nimepita pia buchani kumwarifu mwenyewe kwamba ng'ombe wake alikuwa mahututi. Amenifukuza mbele ya wateja. Hapendi sayansi.

Alhamisi, 7 Machi
Aibu iliyoje! Profesa alinisikiliza mpaka mwisho, akaguna, akayabonyeza maini yangu ndani ya maji. Mapovu yakapanda juu, mengi.

"Mwanangu," akasema, "hukupima maini. Umepima hewa."

Wote walicheka isipokuwa Taratibu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Ndege ni yake. Nimelia kidogo chooni, kisha nikaenda kuosha tangi. Mwiko nimeukuta humo.

Ijumaa, 8 Machi
Kumbe Taratibu ana roho nzuri! Kaniombea kwa Profesa: nikileta vipimo safi Jumatatu, nitatafutiwa nafasi ya pili. Nimetafakari sana nilipokosea. Kosa ni maini. Nimekwenda bucha nyingine nikachagua nyama tofauti kabisa, laini, nyepesi, hata kwenye ndoo inaelea yenyewe. Mapafu! Nimempigia Mama tena. Sanduku asilirudishe.